Siku Tulipotundika Barua za Wafungwa Kaloleni

Mliponifanyia karamu ya kuniaga mliniomba niseme machache. Nilisema, "Asanteni, kuleni," nikakaa. Mlicheka mkidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nimefundisha watu wazima maisha yangu yote ya kazi, na bado sijazoea kusimama mbele ya watu wazima wasio na madaftari. Mwenye daftari ananitazama kama mwalimu. Asiye nalo ananitazama tu, na hapo maneno hunikauka.

Kwa hivyo nimeandika. Mmoja wenu aliniuliza siku ile, tukiosha sahani, namna nzuri ya kuwaonyesha watu matokeo ya madarasa yetu, kwa sababu ofisi imemwambia apange siku ya maonyesho, wanafunzi wa sokoni na wa gerezani pamoja. Nilimwambia nitamjibu. Hili ndilo jibu. Samahani kwa urefu wake, lakini sasa nimestaafu na asubuhi zangu ni ndefu.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Tulikuwa tunakaa Kaloleni, mtaa wa Kisumu, nyumba za baraza la mji, kwa sababu baba alitoka kwetu magharibi kuja kufanya kazi ya mji. Nilikuwa msichana wa kuogopa hata kuagiza chumvi dukani. Lakini nilikuwa ninaandika kila siku ndani ya daftari, na madaftari hayo ninayo mpaka leo, ukiondoa yale ambayo mchwa waliyasoma kabla yangu. La siku ya kwanza kazini linasema hivi:

"Leo nimefundisha. Wanafunzi kumi na mmoja, wote wakubwa kuliko mama. Niliandika tarehe ubaoni nikakosea siku. Mzee mmoja wa kufagia barabara akasema, 'Mwalimu, leo ni Jumatano. Kusoma sijui lakini siku najua.' Wakacheka wote. Nilifundisha herufi A nikiangalia ubao saa nzima. Kesho siendi."

Ukurasa wa pili una neno moja tu. "Nimeenda."

Aliyenifanya niende ni Mzee Ondiek. Alikuwa msimamizi wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya mahubiri, na ubao wake aliufunga nyuma ya baiskeli kama mtu anayebeba mlango. Ubao wenyewe aliutengeneza kwa mkono. Ni mbao nyembamba iliyopakwa unga mweusi wa betri kuukuu, uliochanganywa na maji ya majani ya viazi vitamu. Ukikauka, chaki inashika vizuri kuliko hizi mbao zenu nyeupe ambazo kalamu zake zikikauka somo limekwisha. Alinifundisha kukata maboksi ya sabuni kuwa kadi za herufi, na kutembea na kitambaa cha kufutia ndani ya mfuko wangu mwenyewe, kwa sababu ukimwomba mwanafunzi mtu mzima akufutie ubao, umemfanya mtoto.

Mzee Ondiek alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mtu mzima haanzi na A. Anaanza na jina lake, halafu majina ya watoto wake. "Mama mwenye watoto sita," alisema, "akimaliza kuandika nyumba yake yote, herufi zote ameshakutana nazo, na wewe hujamchosha." Ya pili ilikuwa sauti. Kila kitu kilichoandikwa mahali popote, kisomwe kwa sauti. Pakiti ya unga, tangazo la matanga, jina la duka.

"Sauti!" alikuwa akipiga kelele. "Ukisoma ndani ya tumbo, mimi nitajuaje umesoma?"

Nilizishika sheria hizo mbili miaka zaidi ya thelathini bila kuziuliza swali. Mzee Ondiek alistaafu, akarudi kwao, mimi nikaendelea na sauti yake. Wanafunzi wangu ungewajua kwa mbali. Walitembea wakisoma mji kwa silabi. Kule Awasi, kituo cha soko nje ya Kisumu, kulikuwa na kinyozi aliyeniomba kwa heshima nihamishe darasa, maana kila mama akipita mlangoni kwake anasimama kusema "Ki-nyo-zi," na wateja wake wanageuza kichwa wembe ukiwa shingoni.

Darasa la Awasi nilikuwa nalifanyia ndani ya kanisa, alasiri, siku zisizo za soko. Akina mama kumi na wanane na baba mmoja, ambaye alisema amekuja kumsindikiza mke wake na akabaki miaka mitatu. Kati yao alikuwa Mama Pelesia. Alikuwa anakaribia miaka sabini, muuza njugu, mwembamba, na mwenye mdomo. Siku ya kwanza aliniuliza, "Japuonj, wewe ni mtu wa wapi?" Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo. Nikamwambia kwetu ni wapi. Akasema, "Sasa Mluhya ndiye atanifundisha kusoma? Haya, dunia imeisha." Kisha akakaa mbele kabisa, na hapo mbele hakutoka.

Mama Pelesia alimpenda mwanawe wa mwisho kuliko kitu kingine. Alimwita Okinyi, kwa sababu alizaliwa asubuhi. Okinyi alikuwa fundi wa mawe, na alikuwa Juba anajenga mahoteli. Binamu yake, kijana anayeitwa Otieno, ndiye alikuwa akileta salamu zake. "Okinyi amesema ghorofa ya tano imefika." "Okinyi amesema huko jua ni kali." Siku hizo kila boma la Awasi lilikuwa na mtu Juba, ama lilisema lina mtu Juba. Sikuwa na sababu ya kusikiliza zaidi.

Wakati huo huo nilikuwa nafundisha gerezani, siku mbili kwa juma. Gereza lina adabu zake na ni vizuri mzijue. Penseli zinahesabiwa zikiingia na zinahesabiwa zikitoka. Zetu zilikatwa nusu, na anayechonga ni askari, si mwanafunzi wala mwalimu. Siku moja zilitoka kumi na nane badala ya kumi na tisa. Darasa zima lilipangwa ukutani, likapekuliwa mpaka kwenye pindo za suruali, wanaume wazima mikono juu. Penseli ilipatikana nyuma ya sikio la Afande Simiyu, aliyekuwa anaongoza upekuzi. Hakuna aliyecheka. Nyumbani nilicheka mpaka nikaumwa na mbavu.

Gerezani nilikuwa na mwanafunzi anayeitwa Tobias. Alikuwa wa miaka arobaini hivi, mkimya kama mimi, na labda ndiyo maana tulielewana. Aliacha shule darasa la pili akachunge ng'ombe. Mikono yake ilikuwa imezoea jiwe, kwa hivyo penseli nusu ilikuwa inapotea kwenye vidole, na herufi zake zilikuwa kubwa, zimesimama wima kama ukuta. Kwa mwaka mmoja na nusu alitoka kwenye jina lake mpaka kwenye barua.

Barua ndiyo ilikuwa zoezi la mwisho la kitabu cha mradi uliokuwa ukilipia madarasa yetu. Andika barua kwa mtu unayempenda, kwa Kiswahili, mistari isiyopungua minane. Tobias aliiandika kwa vipindi vitatu. Aliponipa, hakuiachilia mara moja.

"Madam, hii si ya kutuma."

"Ni ya mazoezi tu, Tobias."

"Ya mazoezi kabisa. Usipeleke mahali."

"Sitaipeleka."

Niliichukua nikaisahihisha usiku huo kama nyingine zote. Niliweka herufi kubwa palipotakiwa, nikaongeza nukta mbili tatu, nikatia tiki. Nawaambia ukweli, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Nilisahihisha barua ile, sikuisoma.

Basi awamu ile ya mradi ikafika mwisho wake. Bwana Felix, kijana mtanashati kutoka Nairobi aliyekuwa msimamizi, akatangaza siku ya kuonyesha matokeo. Ingekuwa ndani ya ukumbi wa Kaloleni, mgeni rasmi angekuja, na akina mama wa Awasi wangeletwa kwa basi la kukodi. Wafungwa hawawezi kuletwa kwa basi, kwa hivyo zingeletwa barua zao. Tungefunga kamba ya katani toka ukuta mmoja hadi mwingine, tuzitundike kwa vibanio vya nguo.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa tunatundika, mimi na yeye.

"Tukunje hapa chini, majina yasionekane?" nilimwuliza.

"Majina yaache, Mwalimu. Jina ndilo linaonyesha huyu ni mtu wa kweli."

"Na wenyewe? Hatukuwauliza."

"Wenyewe si wako ndani?" Alicheka, si kwa ubaya. "Nani atawaambia?"

Ningeweza kusema hapana. Yeye alikuwa na umri wa mtoto wangu. Lakini alikuwa hana daftari mkononi, alikuwa na simu na orodha ya wageni, na mimi nikanyamaza. Nilijiambia kutundika si kutuma. Mimi mwenyewe nilikishika kibanio, nikaibana barua ya Tobias ya nne kutoka mlangoni.

Akina mama waliingia na vitambaa vizuri vya kichwa, wanaangalia dari, wanaangalia soda. Mgeni rasmi alikuwa hajafika. Bwana Felix akasema, "Karibuni, tembeeni, someni kazi za wenzenu." Na wale walikuwa wanafunzi wangu, wa sauti. Ukumbi ukawa kama mzinga. Kila mama mbele ya karatasi yake, kila mmoja na silabi zake. Nilisimama kando nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilitamani Mzee Ondiek angeuona mji wake unavyosoma.

Mama Pelesia alisimama mbele ya barua ya nne.

"Ma-ma. Ya-ngu. M-pe-ndwa," alisoma, kidole hewani.

"Yawa, Pelesia amekuwa padri!" akasema rafiki yake, Mama Risper, na wengine wakasogea kumsikiliza, maana alikuwa na sauti inayopita nyingine. Yeye akafurahi. Akaongeza sauti.

"Mi-mi. Ni. M-zi-ma. Ni-na-ju-a. Ku-a-ndi-ka. Sa-sa. Ma-ma. Mi-mi. Si-ko. Ju-ba."

"Huyu naye hayuko Juba!" Mtu akacheka. "Sema jina lake, tumwambie mke wake!"

"Nyamaza nisome. Ni-ko. Je-la. Ya. Ki-su-mu. Ni-li-u-za. Vyu-ma. Vya. Wa-tu. U-si-m-la-u-mu. O-tie-no. Ni-li-mwa-mbi-a. A-da-nga-nye."

Kuna kitu mwalimu yeyote wa watu wazima anakijua. Msomaji mpya hushughulika na silabi, na maana humfikia baadaye, wakati mwingine baada ya sentensi nzima, wakati mwingine baada ya ukurasa. Wanaomsikiliza huipata mapema kuliko yeye. Wanawake wa Awasi walielewa kabla yake. Wote walimjua Otieno. Niliona vicheko vikikoma kimoja kimoja, na yule mama aliyeuliza jina akashika mdomo kwa mkono. Sauti nyingine zote ukumbini zilikufa. Ikabaki yake.

"Pelesia," Mama Risper akamshika mkono. "Wacha hiyo. Twende tunywe soda."

"Ngoja, imebaki kidogo." Alimtoa mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Ha-pa. Ni-na-fu-ndi-sha. We-nza-ngu. Ku-pa-nga. Ma-we. Ni-ki-to-ka. Ni-ta-je-nga. Choo. Ya-ko. Kwa-nza. Ni. Mi-mi."

Jina hakulikata. Alilisema lote mara moja.

"Tobias."

Alilijua kwa umbo. Lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, la mwisho kati ya majina matano ya watoto wake, majina ya ubatizo, kama nilivyomfundisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelitilia tiki.

Sikwenda kumshika. Nilibaki pale kando na mikono yangu. Mama Pelesia aliinua mkono, akatoa kibanio kimoja, akatoa cha pili, akaikunja barua mara nne.

"Mama," Bwana Felix akasogea kwa upole, "hiyo ni ya maonyesho. Mgeni rasmi hajafika."

"Imeandikwa mama yangu," alisema. "Wewe ni mama yake?"

"Hapana, lakini..."

"Basi."

Akatoka. Alikaa ndani ya basi mpaka jioni, milango imefungwa, na dereva aliniambia hakulia. Mgeni rasmi alikuja, akasifu. Pengo kwenye kamba halikuonekana, kwa sababu Bwana Felix alizisogeza barua nyingine. Ripoti ya mradi ilipotoka ilisema mwanafunzi mmoja kutoka Awasi alisoma barua nzima bila msaada wa mwalimu. Na ni kweli, alisoma.

Jumatatu nilikwenda gerezani kabla ya darasa, nikaomba nimwone Tobias kando. Nilitaka alisikie kwangu.

"Barua yako niliitundika Kaloleni," nilisema. "Mama yako aliisoma."

"Mama yangu hajui kusoma, madam."

"Anajua. Nilimfundisha mimi. Sikujua ni mama yako."

Nilidhani atauliza juu yangu, juu ya ahadi. Aliuliza, "Alisoma mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa sauti?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Mbele ya nani?"

"Wote wa darasa. Mama Risper. Wote."

Alichukua penseli yake nusu kutoka kwenye boksi la darasa pembeni yangu, akaiweka kwenye kiganja changu, akanikunjia vidole. "Hesabu penseli yako, madam. Isikosekane kwa sababu yangu." Akarudi wadi ya wafungwa, na siku hiyo darasani hakuja, wala zilizofuata.

Awasi nako kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nilikwenda nyumbani kwa Mama Pelesia. Alinikaribisha, akanipa chai, akaendelea kubambua njugu. Nikaomba msamaha, kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo changu kibaya.

"Umeomba," alisema. "Kunywa chai."

Nilikwenda mara ya pili, chai. Mara ya tatu, chai. Mara hiyo tulikuwa tumekaa nje, na mtu akapita njiani na mkokoteni, akapaza sauti, "Mama Okinyi! Salamu za Juba!" Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Kisha ukaendelea. Otieno alikuwa amehamia kwa shangazi yake, akiogopa hata kupita karibu na boma lile. Mwanamke aliyekuwa akiizungumzia ghorofa ya tano ya mtoto wake kwa soko lote, sasa alikuwa anauza njugu zake kupitia kwa mjukuu. Hilo nililifanya mimi, kwa kamba na vibanio viwili.

Sikwenda mara ya nne. Nilikosa uso wa kwenda.

Mwezi ulikuwa umeshaisha Mama Pelesia alipoingia kanisani, darasa liko katikati. Alikaa nyuma. Hakufungua daftari. Nilifundisha vibaya siku hiyo kuliko siku ya A. Darasa lilipotoka, yeye alibaki.

"Nyathina," alisema. Mtoto wangu. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu. "Ile siku, watu wa ofisi walikuwa wanapita mbele ya zile barua na mdomo imefungwa. Huyo kijana wa Nairobi alipita mbele ya barua yangu, akaisoma yote, na hakuna mtu alisikia. Sivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Kama ningejua kusoma hivyo, ningejua peke yangu. Ningeiweka kwa nguo, ninywe soda na wengine, nirudi nyumbani nilie huko. Mbona hukunifundisha hiyo?"

Nilimwambia ukweli. "Sikufikiria."

"Haya. Fikiria sasa."

Hakuna kitabu cha mradi kilichokuwa na somo hilo. Tulilitengeneza sisi. Njia tuliyoipata ni hii, mwitumie. Mwanafunzi anaweka njugu moja kati ya midomo, anaishika bila kuuma, anasoma. Midomo ikicheza, njugu inaanguka. Siku za kwanza njugu zilianguka kama mvua, na zisizoanguka ziliumwa. Mama Risper alikula somo zima. "Hii ndiyo masomo ya kutufaa," alisema, "kama mtaleta na chai." Lakini darasa zima liliingia, mmoja mmoja, bila kuambiwa kwa nini. Walijua kwa nini. Alasiri moja katekista alifungua mlango kuangalia kama tumeondoka, jinsi kanisa lilivyokuwa kimya, akakuta watu kumi na tisa wamemkodolea macho na njugu midomoni. Akafunga mlango polepole.

Alipoweza ukurasa mzima, Mama Pelesia alinipa karatasi iliyokunjwa na kugandishwa kwa uji.

"Ya gerezani. Utapeleka?"

"Nitapeleka."

"Usisahihishe."

Niliipeleka vile vile. Afande Simiyu aliifungua akaisoma, kwa sababu ndiyo sheria ya gereza. Alipomaliza aliikunja mwenyewe, akaenda nayo wadi kwa miguu yake. Kwa kawaida humtuma mfungwa.

Wiki mbili baadaye Tobias alikuja darasani, akakaa, akaomba karatasi. Si ukurasa mmoja. Siku hiyo hiyo niliwaeleza wanafunzi wote wa gerezani nilichofanya na barua zao. Niliongea nikiangalia ubao, lakini niliongea. Nilikwenda ofisi ya Bwana Felix nikaziomba, na nikazirudisha mkononi kwa kila mwenyewe. Wengine walichukua wakazichana hapo hapo. Wengine waliniambia nizirudishe kwenye kamba, wanataka zionekane, na mmoja alidai jina lake liandikwe kubwa zaidi, maana shemeji yake anakaa Kaloleni. Tangu hapo hakuna matokeo niliyoyaonyesha kwa mgeni kabla hayajarudi kwa mwenyewe, na akisema hapana, kamba inakuwa na karatasi chache. Ndivyo nilivyofanya mpaka nilipostaafu. Ofisi haikupenda. Mtaiambia ni mimi nimesema.

Barua ya Tobias nilifika nayo Awasi siku ya darasa. Karatasi mbili, pande zote nne zimejaa herufi zake za ukuta. Nilimpa Mama Pelesia bila kusema imetoka wapi, na wote walijua imetoka wapi. Aliifungua pale pale kwenye kiti cha mbele. Njugu hakuihitaji tena.

Mimi niligeukia ubao nikajifanya naandika, lakini mara mbili niligeuka. Macho yake yalikuwa yanatembea, mstari kwa mstari, na midomo imekaa kama ya mtu aliyelala. Ukurasa wa pili alisimama mahali fulani akarudi nyuma, akaanza tena. Ukurasa wa tatu mabega yake yalitikisika kidogo, na mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko. Darasa zima lilikuwa limeacha kusoma. Hata yule baba aliyekuja kumsindikiza mke wake alikuwa amenyoosha shingo.

Alipomaliza aliikunja, akaiingiza ndani ya blauzi, upande wa moyo, akafungua daftari lake.

Mama Risper hakuweza kuvumilia. "Pelesia, sasa, anasema nini?"

Mama Pelesia alilamba kidole akatafuta ukurasa wa somo.

"Anasalimia," alisema.